Mkuki Uliovuka Chai

Nakumbuka siku moja mkuki uligonga mlango wa jikoni kwetu, na hapakuwa na mtu yeyote pale ambaye angeweza kuurusha.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Nilikuwa nimeinama uani nikisugua mkebe wa maziwa kwa majivu, mlango uko nyuma yangu. Nikasikia mlio kama wa mtu aliyebamiza ubao. Nilipogeuka, mkuki ulikuwa umekwama mlangoni juu kidogo ya komeo, na mkia wake ulikuwa bado unatikisika. Nikatazama upande ulikotoka. Huko kulikuwa na chai tu. Ilikuwa imechumwa jana yake, michai imelingana juu kama meza, na mtu akisimama katikati yake angeonekana kuanzia kiunoni. Sikuona mtu. Mbwa wetu alikuwa amelala juani. Aliinua kichwa akautazama mlango, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningemweleza kilichotokea.

Sikupiga kelele. Sikujua kama hilo lilikuwa jambo la kupigia kelele.

Mwanangu, nitakueleza mambo haya kwa mpangilio, jinsi yalivyofuatana. Siku ile kila mtu aliyaeleza kuanzia mwisho, na hapo ndipo taabu ilipoingia.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, niko nyumbani nikimsaidia mama. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakanunua shamba huku karibu na Chepseon, wakapanda chai na kufuga ng'ombe wawili. Shamba letu liliteremka hadi kijitoni. Ng'ambo ya kijito chai iliendelea, lakini hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa ya mzee Arap Sigei, Mkipsigis, ambaye boma lake lilikuwa juu ya mteremko, likiangalia paa la nyumba yetu. Umbali wenyewe ulikuwa hivi: mtu wa kule akiita, sisi tulisikia sauti lakini hatukusikia maneno. Ilibidi mmoja ateremke hadi kijitoni ndipo mazungumzo yawezekane.

Tulikuwa majirani wazuri. Mama alipojifungua mdogo wangu, mke wa Arap Sigei alivuka kila jioni na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa yenye mkaa. Ng'ombe wao alipokataa kusimama kukamuliwa, baba ndiye aliyeitwa. Lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Wewe mwenyewe unajua jinsi miaka hiyo inavyobadilisha watu. Salamu zinakuwa fupi. Ukiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Mtu anayetaka kunoa panga lake la kufyekea nyasi analinoa ndani ya nyumba ili asiulizwe. Kulikuwa na familia kadhaa kutoka Mkoa wa Kati kama sisi kwenye ule mgongo wetu wa kilima, na kila mmoja alikuwa akimwangalia baba. Hakuna aliyesema wazi, lakini ilijulikana kwamba siku baba atakapofunga mizigo, na wao watafunga.

Sasa urudi nami mlangoni.

Mama alitoka jikoni, akaukuta mkuki upande wa nje wa mlango aliokuwa ameurudishia. Akaugusa kwa kidole kimoja. Baba alirudi kutoka kituo cha kupimia chai akiwa na wanaume wengine, kikapu bado kiko begani. Mmoja wao alikuwa Mwangi, mwenye duka, ambaye pia alikuwa na pikapu na mdomo usiopumzika.

Jambo la kwanza lililowachanganya ni kwamba hawakujua wanatazama nini. Ulikuwa mwanzi mwembamba, mrefu kumshinda baba. Mbele ulikuwa na ncha ya chuma iliyokatwa kwenye panga lililochakaa. Nyuma ulikuwa umefungwa manyoya ya jogoo.

"Huu ni mshale," Mwangi akasema. "Uko na manyoya."

"Mshale gani mrefu kuliko mwenye upinde?" mwingine akamwuliza. "Na huo upinde ungebebwa na nani? Trakta?"

"Basi ni mkuki."

"Mkuki wa manyoya uliona wapi?"

Baba hakungoja wamalize. Aliung'oa kwa mikono miwili, akauvunja kwa goti, akavitia vipande vya mwanzi kwenye moto wa jikoni. Ncha ya chuma akaitia mfukoni. Uliungua haraka, ulikuwa mkavu sana. Nilisimama nikiutazama ukiisha, na sikujua kwamba tungeuhitaji.

Kisha wakaingia kwenye chai kumtafuta aliyerusha. Walisema mtu hawezi kutupa kitu kama kile kutoka mbali, kwa hiyo alikuwa amechuchumaa kati ya mistari, karibu, na akaondoka kwa kutambaa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini. Walikagua mstari kwa mstari. Hawakuona alama ya mguu wala ya goti.

Sikiliza vizuri hapa, mwanangu. Watu wale walikuwa na akili zao timamu. Walikosa alama za miguu, na badala ya kusema labda hapakuwa na mtu, wakasema huyo mtu ni hatari kweli, maana hata alama haachi. Mwangi akasema watu wa namna hiyo hufunzwa. Yule wa trakta akasema amesikia hivyo pia. Kabla jua halijafika utosini, pikapu ya Mwangi ilikuwa imeegeshwa uani kwetu na vitanda viwili vilikuwa vimepakiwa. Mama alikuwa akikunja blanketi na kuzikunjua, anazikunja tena. Kule juu ya barabara niliona Mama Nyambura, jirani yetu mwingine, akishusha nguo kwenye kamba zikiwa bado zinadondosha maji.

Hapo ndipo Kiprono alipotokea kijitoni, akipanda mbio, jasho linamtiririka.

Kiprono alikuwa kifungua mimba wa Arap Sigei. Alikuwa anasomea ualimu, na alikuwa nyumbani likizo. Mkononi alikuwa na kifimbo, urefu wake kama mkono wa mtu kuanzia kwapa hadi vidoleni, na mwishoni kifimbo kilikuwa na kijino kilichojipinda. Alipofika akashika magoti, akahema, kisha akasema, "Ni mimi. Baba Wairimu, nisamehe. Ni mimi nilirusha." Wairimu ndiye mimi, na baba aliitwa kwa jina langu.

"Ulikuwa wapi?" baba akauliza.

"Kwetu. Nje ya zizi. Nilipoona mnapekua chai na kupakia vitanda, nikajua."

Watu wakageuka wote pamoja, wakaangalia boma la Arap Sigei kule juu, dogo kama kiberiti. Halafu wakamgeukia Kiprono.

"Kijana," Mwangi akasema, "wewe unatuona sisi ni watoto?"

Naye akaanza kueleza, na kila alipoeleza, mambo yakazidi kuchanganyika. Alisema kule chuoni walikuwa wamefundishwa habari za wawindaji wa zamani sana, watu wa nchi za mbali, waliokuwa wakirusha mikuki kwa kifimbo. Alitaka kutengeneza kimoja akaonyeshe darasani. Mkia wa mkuki unakaa kwenye kile kijino. Unashika fimbo upande wa pili, unaupeleka mkono mbele, mwishoni unakunja kiganja, na fimbo inausukuma mkuki kutoka nyuma.

"Ukirusha kwa mkono, mkuki unaachana na wewe mapema," akasema. "Hii fimbo inafanya mkono ukuwe mrefu. Inasukuma zaidi, na huku mwisho inaenda mbio kuliko mkono. Kama lango. Karibu na bawaba linasonga kidogo, huku mwisho linapita mbio."

"Na hiyo fimbo imekula nini ndio iwe na nguvu kuliko wewe?" Mwangi akauliza.

"Haina nguvu. Nguvu ni yangu."

"Nguvu ni yako?"

"Ndiyo."

"Basi rusha bila fimbo, ifike kule kwenu."

Kiprono alisema tena kwamba nguvu ilikuwa yake, na kwamba bila fimbo isingefika, na hayo mawili yalionekana kupingana hata masikioni mwangu, mimi niliyetaka kumwamini. Leo naweza kusema kwamba mkono wenye nguvu ileile unaweza kuitumia vizuri au vibaya, na ile fimbo ilimpa nafasi ya kusukuma kwa muda mrefu zaidi kabla mkuki haujaondoka. Siku ile hakuna aliyeweza kuyasema maneno hayo.

Kibaya zaidi, kuja kwake mbio ndiko kulikomtia hatiani. Watu wakaanza kunong'ona: kama si wewe, unamficha nani? Na kama ni wewe, unakimbilia nini?

"Onyesha," baba akasema mwishowe. "Rusha hapa tuone."

Mkuki wenyewe ulikuwa umeshakuwa majivu. Kiprono alishuka kijitoni, akakata mwanzi mwingine, akaomba ile ncha. Baba aliitoa mfukoni shingo upande. Kiprono akaifunga kwa kamba, akaweka mkia kwenye kijino, akarudi nyuma hatua chache, akarusha kuelekea mteremko wa kwao ambako hakukuwa na mtu.

Mwanzi ulipinda katikati kama nyoka aliyekanyagwa, ukatikisika hewani, ukaangukia chai yetu wenyewe, si mbali na choo.

Walicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Kiprono aliuchukua akarusha tena, na ukaanguka karibu na pale pale. Akasema mwanzi huu ni mbichi na mzito, ule wa kwanza ulikaa juu ya moshi wa jikoni kwao mpaka ukakauka. Akasema labda ule wa kwanza ulipinda na kujinyoosha kwa wakati wake, na huu haujinyooshi vizuri. Halafu akasema hajui. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kumpiga.

"Anajua vizuri," Mwangi akasema. "Mzee, tufunge turubai."

Wakati huo Arap Sigei mwenyewe akawa anavuka chai. Alikuwa mzee ambaye sijawahi kumwona bila mkongojo wake, hata kanisani aliingia nao. Siku ile alikuja mikono mitupu, akishikilia michai ili asianguke, akisimama kila baada ya mistari michache. Nilishangaa, kisha nikaelewa: hakutaka mtu yeyote wa kwetu amwone anakuja akiwa ameshika kitu chochote kinachofanana na silaha. Alipofika ukingoni mwa ua hakuingia.

"Baba Wairimu, chamgei," akasalimu.

Baba akaitikia, "Chamgei, mzee."

"Huyo kijana ni wangu. Kama amekosa, nimekosa. Lakini hakuna mtu mwingine. Niliona kwa macho yangu akirusha, na mimi pia sikuamini. Nilidhani imeingia mtoni."

"Uliona ikifika hapa?"

Mzee angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na labda mambo yangeisha. "Hapana," akasema. "Macho yangu haifiki huku. Niliona ikienda."

Mwangi akatikisa kichwa, akashika kona ya turubai.

Sasa nakuambia alichofanya mama, maana ndicho kilichonifanya nikuite ukae hapa. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mchumaji wa chai tangu ujana wake. Aliweka blanketi chini, akamwendea Kiprono, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kitu."

"Mama Wairimu, wacha mchezo," baba akasema.

"Sichezi. Nataka kushika."

Kiprono akamwonyesha vidole viwekwe wapi na mkuki ulale vipi juu ya fimbo. Mara ya kwanza mkuki uliteleza ukaanguka miguuni pake, na mtu mmoja akaguna. Mara ya pili mama alipeleka mkono kama anayetupa majani ya chai kikapuni mgongoni, lakini kwa mbele, na kiganja kikakunjika. Mkuki ulipinda, ukatikisika, ukanyooka. Ukapita choo. Ukapita mti wa parachichi. Ukachomeka kwenye chai karibu nusu ya njia ya kwenda mtoni, mahali ambapo hakuna mwanamume yeyote pale ambaye angeweza kufikisha hata jiwe.

Mama aliutazama mkono wake mbele na nyuma, kama mtu aliyeazimwa nguo isiyo yake.

"Haijafika," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe, si ya mtu anayebisha. "Hata mtoni haijafika."

"Haijafika," mama akakubali. "Mimi sijasema imefika. Sijui ilifikaje mlangoni. Huyu kijana hajui. Mzee Sigei amesema hajui. Wewe unajua?"

Baba akamtupia macho Mwangi.

"Mwangi, wewe unajua?"

"Mama, mimi ni dereva tu."

"Basi kama hatujui, tunahama kwa sababu gani? Nikihama kwa sababu ya kitu ninachokijua, nitahama. Sihami kwa sababu ya kitu ambacho sijui. Shusheni vitanda vyangu."

Hakuna aliyesogea. Akapanda mwenyewe kwenye pikapu na kuanza kufungua kamba, na mafundo yalikuwa magumu. Kiprono akaenda kumsaidia. Nikangoja baba amfukuze. Baba alisimama kwa muda akitazama boma la ng'ambo, kisha kijito, kisha mlango. Ukubwa wa umbali ule ulikuwa bado unamsumbua, niliuona usoni mwake. Lakini akaenda akashika mguu wa kitanda upande wa pili.

Arap Sigei akamwita mwanawe pembeni, akamwambia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Mwaka kama huu hata gunzi la mahindi hutupi kuelekea boma la mtu. Umeelewa?" Kiprono akasema ameelewa. Mzee akaomba maji ya kunywa, na mama akamletea chai badala yake, naye akainywa akiwa amekaa kwenye kitanda chetu pale uani, maana hakikuwa kimeingizwa bado. Kule juu ya barabara Mama Nyambura alianika nguo zake upya.

Usidhani tulilala fofofo baada ya hapo. Baba alilala na viatu kwa wiki nyingi. Familia mbili za mgongo wetu ziliondoka kabla ya kupiga kura, na moja haikurudi. Lakini zilizobaki zilibaki, na sisi tulibaki, na ndiyo sababu wewe una kwenu huku.

Mwanangu, sasa nasaha zangu. Nimekuona na simu yako. Naona picha zinavyoingia kwenye makundi yenu: nyumba inaungua mahali pasipojulikana, mtu amelala barabarani, na chini yake kuna sauti inayosema ni fulani waliofanya. Nawe unaituma mbele kabla chai haijapoa kikombeni. Mimi sikuambii uamini kila mtu. Nakuambia utenganishe mambo mawili: ulichokiona, na ulichokijazia. Mkuki mlangoni tuliuona. Mtu aliyetambaa kwenye chai tulimjazia sisi wenyewe, kwa sababu nafasi ile tupu ilitutisha, na tukamjaza jirani ndani yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Ukifika mahali huelewi, kaa hapo hapo kidogo, hata kama unaona aibu. Kusema sijui hakujawahi kumhamisha mtu nyumbani kwake. Na akija mtu mbio kukuambia ukweli unaokushangaza, mpe kiti kwanza. Huenda hana njia nyingine ya kuusema.

Mungu akupe majirani watakaovuka mto kukutafuta siku mbaya. Akupe subira ya kuwasikiliza kabla hujafunga mizigo. Chai yako iote, ng'ombe wako wakamuliwe kwa amani, na watoto wako wawajue watoto wa ng'ambo kwa majina.

Baba alikufa akishikilia kwamba kulikuwa na mtu kwenye chai. Kiprono alikuja kuwa mwalimu, na sasa amestaafu. Kila likizo kwa miaka yote hiyo amekuwa akirusha, kwa mianzi mikavu na mibichi, minene na myembamba, upepo ukiwa nyuma na ukiwa mbele, na sasa akiwa na ruhusa yetu anarusha akiwa amesimama pale pale nje ya zizi la marehemu baba yake. Vijana wa chuo kikuu waliokuja kumtembelea walibishana mchana kutwa: mmoja anasema kupinda kwa mkuki ndiko kunakouongezea mwendo, mwingine anasema kupinda kunaunyoosha tu na hakuongezi chochote. Waliondoka hawajakubaliana. Mikuki yake mingi huanguka mtoni. Michache imevuka na kuingia kwenye chai yetu. Hakuna hata mmoja uliowahi kufika uani.